Peninah Akoth Wamalwa, Fundi wa Nguo Aliyepima Ukumbi wa Mafundi

1953 – 2025

Mama yetu alizaliwa mvua ikinyesha, na ndiyo sababu akaitwa Akoth. Ilikuwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba namba tisa ya wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, chumba kimoja chenye jiko la nje. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Elijah Ogutu, aliyechochea moto kwenye injini za garimoshi, na marehemu Mama Dorka Aloo, aliyeuza mboga karibu na geti la stesheni. Babu yake, Mzee Ogutu mwenyewe, alikuja kutoka Ugenya miaka ya ishirini kuchonga mawe ya reli, na hakurudi tena.

Ukifungua mlango wa nyumba namba tisa, kitu cha kwanza ulichokiona ni Ukumbi wa Mafundi. Wengi mliokuja leo mnaujua. Kwa wageni wetu tuseme tu kwamba ni jumba la mawe ya kijivu, refu kuliko nyumba zote za reli, lenye madirisha ya juu na veranda mbili. Mafundi wa reli walilijenga wenyewe kati ya mwaka 1931 na 1933, Jumamosi baada ya kazi, wapate mahali pa kuimba, kuoana na kuagana na wafu wao. Wachonga mawe wengi walikuwa watu wa magharibi mwa nchi. Maseremala walikuwa Wahindi na Waswahili waliotoka pwani. Babu ya Mama, Mzee Ogutu, alikuwa mmoja wa wachonga mawe hao. Mama alipenda kusema kwamba alijifunza kutembea akishikilia ukuta wa ukumbi ule. Nyanya Dorka alikuwa akimkatiza na kusema alijifunza akishikilia kigoda, ndani ya nyumba, na yeye alikuwepo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu na nyumba za reli, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1967. Alipita vizuri, hasa hesabu. Nafasi ya sekondari ilipatikana lakini karo ilitosha mtoto mmoja tu, na kaka yake mkubwa ndiye aliyeenda. Mama hakuwahi kulalamika kuhusu jambo hilo mbele yetu. Wakati mwingine alikuwa akitusaidia hesabu za sekondari ambazo hakuna mtu aliyemfundisha, na tukimuuliza amezijua vipi, anasema amezitazama tu.

Mwaka 1969 alipelekwa kwa Mzee Shariff Jalal, fundi wa nguo wa mjini ambaye wazee wake walitoka Lamu, ili ajifunze kazi. Mzee Shariff alimkataza kugusa makasi kwa miezi saba. Alimpa tepu ya kupimia na daftari, akamwambia apime. Akamaliza kupima wateja, akaambiwa apime meza. Akapima meza, milango, baiskeli ya jirani, na mbuzi aliyekuwa akingojea Idi. Bi Sundus, binti wa Mzee Shariff, ambaye ameketi hapa mbele pamoja na familia, anasema mbuzi huyo alipimwa mara tatu kwa sababu hakutulia, na vipimo vyote vitatu vimeandikwa kwenye daftari. Mwezi wa nane Mzee akampa makasi na kitambaa cha suti ya mteja, si kitambaa cha kujifunzia. Suti ilitoshea.

Mwaka 1974 kijana mmoja wa Kimilili, Jonah Wamalwa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya reli, alikuja kushonewa koti. Akarudi kupimwa mara ya pili, ya tatu na ya nne. Mara ya tano Mama akamwambia kwamba mikono yake haijarefuka tangu Jumanne, na kama ana jambo lingine alitaje. Akalitaja. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba mwaka huo huo, na sherehe ikafanyika Ukumbi wa Mafundi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Emily Nekesa, Fredrick Wafula, na Maxwel Barasa, ambaye ndiye anayewasomea. Waliishi nyumba za reli, baadaye wakahamia mtaa wa Free Area mwaka 1988, na mwaka 1996 wakanunua shamba hili la Kabazi ambapo tumekusanyika. Baba aliondoka mwaka 2009 na amelala pale mnapoona waridi. Mama ndiye aliyeyapanda.

Kuanzia 1979 meza yake ya kazi ilikuwa kwenye veranda ya mashariki ya ukumbi. Pale alishona kwa miaka thelathini na tisa. Alishona yunifomu, majoho ya kwaya za makanisa manne, na nguo za harusi ambazo wengine wenu mmezihifadhi kabatini. Upande wa pili wa mlango alikaa Bi Sundus, akitarizi kofia na mabuibui. Walikunywa chai pamoja saa nne kila siku ya kazi. Mmoja aliitwa Mama Nekesa, mwingine Mama Jalal, na hakuna siku waliyoitana kwa majina mengine.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 3 Septemba 2018 walikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Ilisema kiwanja kimepata mwenyewe mpya, ukumbi utabomolewa, na kila mtu atoke katika siku tisini. Mahali pake pangejengwa ghorofa saba za maduka. Wafanyabiashara wa veranda walikuwa kumi na mmoja. Kufikia Ijumaa wanane walikuwa wameshatafuta kwingine, na hatuwalaumu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha.

Mama aliisoma ile karatasi, akaenda ofisi ya serikali inayoshughulikia majengo ya kale. Afisa aliyempokea ni Bi Chepkosgei, ambaye tunamshukuru kwa kufika leo. Alikuja kuukagua ukumbi tarehe 14 Septemba. Alizunguka ndani na nje, akasema wazi kwamba jengo kama hili linastahili kulindwa kisheria. Tatizo lilikuwa faili. Faili ilihitaji historia, picha, na michoro ya jengo zima yenye vipimo kamili. Michoro ya mwanzo ilipotea zamani. Ofisi yake ilikuwa na mchoraji mmoja wa kaunti sita, na foleni yake ilikuwa ya miaka miwili. Siku zilizobaki zilikuwa sabini na tisa.

Mama akamuuliza mchoro anaoutaka unafananaje. Bi Chepkosgei akamwonyesha mmoja kwenye simu, wa nyumba nyingine. Mama aliutazama kwa muda mrefu, akiuvuta kwa vidole, akaurudisha.

"Hii ni kama karatasi ya kukatia nguo," alisema. "Tofauti ni kwamba anayevaa hatembei."

Jumatatu tarehe 17 Septemba alianza kupima. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Alichukua tepu zake nane za kitambaa, akazishona kichwa kwa mkia hadi zikawa tepu moja ya futi arobaini. Alijua kitambaa huvutika, kwa hiyo kila asubuhi aliilinganisha na rula ya chuma, na kila jioni tena. Alikata shauri kwamba futi moja ya ukuta iwe inchi moja ya karatasi, kwa kuwa hizo ndizo hesabu alizozijua. Karatasi yenyewe ilikuwa ile ya kaki anayokatia nguo. Mama alipima na kutaja, Bi Sundus akaandika daftarini, kisha Mama akachora. Wakati wa kupima juu alivaa suruali ya marehemu mume wake ndani ya gauni, akapanda ngazi.

Hapa mtanisamehe nijitaje, kwa sababu wasifu wa kweli haufichi. Mimi Maxwel nilimwambia aache. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na watu walikuwa wakija dukani kunisimulia kwamba mathe wangu ameonekana juu ya ngazi amevaa suruali ya mwanamume, anapima jiwe moja moja. Nilienda pale nikiwa na hasira. Nikamwambia, "Mama, watu wanakucheka."

Hakugeuka. Alisema, "Wacheke. Lakini mmoja wao akuje anishikie hii ncha ingine."

Nikaishika. Nilidhani ni ya dakika hiyo tu. Niliishika siku thelathini na mbili, saa za chakula cha mchana na Jumamosi zote.

Ni vigumu kuwaeleza tuliyoyaona katika siku zile. Nilikuwa nimepita nje ya jumba lile maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kulitazama. Mama alipima kila jiwe. Ukuta wa mbele pekee una mawe elfu moja mia mbili na sita, na hakuna mawili yanayolingana kabisa, lakini mistari yake imenyooka toka pembe hadi pembe kama pindo la nguo. Kwenye stoo ya nyuma, ambako kuta hazikuwahi kupigwa lipu, tulikuta alama zimechongwa kwenye mawe: samaki, duara lenye msalaba, mistari mitatu, jani, ufunguo. Kila mchonga mawe alikuwa na yake. Mama alizikopi zote, akahesabu alama za watu ishirini na watatu. Habari zikaenea. Wazee waliozaliwa nyumba za reli walianza kuja, wengine wakishikiliwa mikono, na mmoja kutoka mtaa wa Shabab akaletwa kwa kiti cha magurudumu. Huyo alipoona samaki alisema ni wa baba yake, kwa sababu alama hiyo hiyo iko kwenye jiwe la kusagia la nyumbani kwao.

Hakuna aliyejua alama ya babu, Mzee Ogutu. Baba ya Mama hakuwahi kuitaja, na wenzake wote walikuwa wamefariki. Nilimwonea Mama huruma, nikamwambia pengine tungejua kama tungeanza kuuliza mapema. Alikuwa amepiga magoti akipitisha kidole kwenye ile alama ya jani.

"Nimezigusa zote ishirini na tatu," alisema. "Moja ilikuwa ya babu."

Paa alilifikia mwezi wa Oktoba. Fundi mmoja wa kupaka rangi alituazima jukwaa la mabomba, na Mama akapanda hadi futi thelathini na nne, akiwa na tochi mdomoni. Alikaa huko juu karibu saa nzima bila kutaja kipimo hata kimoja. Bi Sundus alikuwa chini na daftari, akimwita, akidhani ameshikwa na kizunguzungu. Mwishowe aliteremka, akaketi sakafuni. Bi Sundus akampa maji, akamuuliza ameona nini.

"Mama Jalal," alimwambia, "huko juu hawakugonga misumari. Walishona."

Alikuwa amesema kweli. Paa lote linabebwa na mihimili kumi na minne ya mtarakwa. Kila mmoja unavuka futi arobaini na moja bila nguzo katikati, na umeungwa kwa vigingi vya mbao tu, ishirini na vinne kwa kila mhimili. Vigingi hivyo vimechongwa kwa namna kwamba kadiri paa linavyolemea ndivyo vinavyozidi kukazana. Kwa miaka themanini na mitano watu walikuwa wamecheza ngoma, wamesali na wamelia chini ya kitu kile bila kuinua macho. Mama alipima vigingi vyote mia tatu na thelathini na sita. Ilimchukua siku tisa.

Alimaliza Ijumaa tarehe 16 Novemba. Kazi ilikuwa imechukua siku sitini na moja, na alipumzika Jumapili tu. Mchoro wa ubavu wa ukumbi peke yake ulikuwa na urefu wa futi saba na inchi nane.

Jumapili iliyofuata, tarehe 18, kabla siku tisini hazijaisha, tingatinga lilikuja saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, wakati ofisi zote zimefungwa. Bi Sundus, aliyeishi jirani na ukumbi, aliamshwa na mtikisiko, akampigia Mama simu. Mama alifika kwa bodaboda kutoka Free Area akiwa bado amefunga kitambaa cha kulalia kichwani. Veranda ya mashariki ilikuwa imeanguka. Cherehani yake ya miaka thelathini na tisa, ambayo alikuwa akiifungia kwenye stoo ndogo ya veranda, ilikuwa chini ya mawe.

Watu waliokuwa wakienda ibada ya mapema walisimama wakitazama. Wengine walianza kuokota mawe. Mama aliwaomba wayaweke chini, akaliendea tingatinga peke yake, akamsalimia dereva. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na sita. Akapunguza injini.

"Mathe, tafadhali toka hapo," alisema. "Mimi nimetumwa tu."

"Najua umetumwa, mwanangu. Shuka uone kitu kimoja kabla umalize. Dakika tano. Nikikudanganya, endelea na kazi."

Kwa nini alishuka, hatujui hadi leo. Pengine ni vile alivyoombwa. Mama alimpeleka ndani, akamsimamisha katikati ya sakafu. Jua lilikuwa linaingia kwa yale madirisha ya juu na kuipiga mihimili, na mbao zake zilikuwa nyekundu kama zimekatwa jana. Alimwonyesha vigingi. Kijana akauliza kama kweli hakuna msumari. Akaambiwa hata mmoja. Akauliza sasa paa linashikwa na nini, na Mama akamweleza taratibu, kwa vidole vyake mwenyewe, namna vinavyokazana. Kijana alivua helmeti, akabaki akitazama juu. Alikaa zaidi ya zile dakika tano.

Alipotoka nje alimpigia mkubwa wake simu, akamwambia paipu ya oili imepasuka na mtambo hauwezi kufanya kazi hadi Jumanne. Kisha akachukua spana, akaifungua ile paipu mwenyewe, oili ikamwagika chini, ili asiwe amesema uongo. Aliomba jina lake lisitajwe popote na hatulitaji. Atajijua akisikia.

Siku hiyo moja ndiyo iliyouokoa ukumbi. Jumatatu asubuhi wakili Ephantus, ambaye Mama alimshonea yunifomu tangu darasa la kwanza, alifika mahakamani na michoro chini ya kwapa, na saa nane alasiri akapata amri ya kusimamisha ubomoaji mpaka kesi isikizwe.

Kesi ilisikizwa Machi 2019. Mchoro ulikuwa mkubwa kuliko meza, kwa hivyo ukafunguliwa sakafuni, na jaji akaomba ruhusa ateremke kuuona. Aliuzunguka mara mbili, mikono nyuma, hatua kwa hatua. Wakili wa upande wa pili alipopata zamu alimuuliza Mama kama yeye ni msanifu wa majengo.

"Hapana. Mimi ni fundi wa nguo."

"Umesoma hadi wapi?"

"Darasa la saba."

"Na unataka mahakama iamini vipimo vyako?"

"Sitaki iviamini," Mama alisema. "Nataka ivipime."

Jaji aliagiza hivyo hivyo. Mpimaji aliyekubaliwa na pande zote mbili alitumwa na mitambo yake ya kisasa, akachagua sehemu arobaini bila kumwambia mtu. Thelathini na nane zililingana na mchoro wa Mama. Moja ilitofautiana kwa robo inchi, na mpimaji mwenyewe akasema huenda ni mtambo. Ya mwisho ilikosea inchi mbili, kwenye ukuta wa stoo. Mama aliomba daftari, akatafuta ukurasa, akaiambia mahakama kwamba kosa ni lake. Jioni hiyo alikuwa amechoka na alipaswa kurudia kesho yake. Akaomba kalamu, akapiga magoti, akarekebisha palepale sakafuni, akaandika tarehe kando. Wakili Ephantus alituambia baadaye kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona shahidi akishinda kesi kwa kukiri kosa.

Hata hivyo kesi haikuokoa kila kitu. Nyumba za reli hazikuwa ndani ya ile amri, na Aprili 2019 zilibomolewa zote, namba tisa ikiwemo. Mama aliarifiwa siku mbili kabla. Alikuja kunichukua dukani, tukaipima pamoja kwa saa mbili, chumba kimoja na jiko. Hakuna ofisi iliyouomba mchoro huo. Upo ukutani kwa Nekesa, Kiamunyi.

Hukumu ilitolewa Alhamisi tarehe 24 Juni 2021. Ukumbi usibomolewe. Miezi mitano baadaye ukatangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa jengo la kulindwa. Sheria hiyo ikaja na kanuni zake, na mojawapo ni kwamba hakuna biashara inayoruhusiwa kwenye veranda, hata ile ya mashariki ikijengwa upya. Kwa hiyo Mama, aliyeuokoa, hakurudi kukaa pale tena. Sisi watoto tulikasirika sana. Fredrick alitaka tuandike barua kwa gavana. Mama alitukataza. Alisema mahali pa kuketi atapata pengine, lakini lile paa nani angelishona tena? Bi Chepkosgei alijaribu kumtafutia ruhusa ya pekee, naye akakataa, akisema kanuni ikianza kupindwa na yeye, kesho itapindwa na mwingine mwenye nguvu kumshinda. Alinunua cherehani nyingine, akaiweka sebuleni Free Area. Bi Sundus akahamia naye, na chai ya saa nne ikaendelea.

Watu wakaanza kumfuata pale. Wa kwanza walitoka Njoro, walikuwa na nyumba ya wageni ya zamani iliyotaka kuanguka. Baadaye wakaja wa Elburgon, wa Molo, na wa kanisa la mbao kule Subukia. Mama hakuwa tena na nguvu za kupanda, kwa hivyo alifundisha. Kati ya 2021 na 2024 alifundisha akina mama tisa, wengi wao mafundi wa nguo, namna ya kupima jengo. Alianza nao vile yeye alivyoanzishwa. Bi Chelangat, mmoja wao, anasema alipima sufuria, viti na mlango wa choo kwa wiki sita kabla ya kuruhusiwa kugusa ukuta. Majengo sita yameshashughulikiwa na kikundi hicho. Mawili yamekubaliwa, matatu faili zake ziko ofisini. Moja lilibomolewa kabla hawajamaliza, na Mama alilia siku hiyo kama amefiwa.

Alianza kuugua Agosti 2023. Presha aliyokuwa nayo kwa miaka mingi ilikuwa imeharibu figo, na akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki hospitalini Nakuru. Alihamia kwa Nekesa, Kiamunyi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza. Nesi Cheruto alituambia kwamba Mama alikuwa ameshajua upana wa wodi kwa shibiri za mkono wake, na alimwarifu kwamba dirisha la tatu halilingani na mengine. Walienda wakatazama. Halikulingana.

Januari mwaka huu alidhoofika. Aliomba apelekwe Ukumbi wa Mafundi mara moja, na tarehe 25 tukampeleka kwa kiti cha magurudumu. Siku hiyo kulikuwa na harusi. Bwana harusi na bibi harusi hawakumjua, wakadhani ni mgeni wa upande wa pili, wakampa soda na keki. Mama hakujitambulisha wala hakuturuhusu tumtambulishe. Aliketi kando, akasifu kazi ya gauni, akasema pindo la nyuma lingeshuka kidogo. Watu walicheza, na Mama aliwatazama zaidi kuliko alivyolitazama paa. Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza kama hajaumia kwamba wale vijana hawajui. Alisema, "Wajue nini? Wamepata mahali pa kuolewa."

Alilala Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, Nekesa akiwa amemshika mkono wa kulia na Bi Sundus wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Amewaacha watoto wake Emily Nekesa, Fredrick Wafula na Maxwel Barasa. Wakwe zake Chelimo na Irene. Wajukuu wake Quincy, Shantel, Fancy na Jonah mdogo. Ndugu zake wawili, Mzee Caleb Ogutu wa hapa Kabazi na Mama Risper Anyango wa Ugenya. Na rafiki yake wa miaka hamsini na sita, Bi Sundus Shariff, ambaye familia inamhesabu kama dada yetu mkubwa na mama yetu mdogo kwa pamoja. Amewaacha pia akina mama tisa, ambao mnawaona pale nyuma na tepu shingoni. Hawakuziweka kwa ajili ya leo. Wametoka Elburgon asubuhi hii, wamesimamisha kazi kwenye jengo la saba, na wameomba wasamehewe wasipokaa hadi chakula, kwa sababu ukuta wa magharibi haujaisha na mvua inakaribia.

Waende. Mama angewafukuza yeye mwenyewe.

Bwana ampokee mtumishi wake Peninah Akoth, na ampe pumziko lote ambalo hakujipa.